Mrija Alioukataa Cyriaque

Aurore alimkanyaga Cyriaque kwenye mlango wa treni, kituo cha Kista nchini Uswidi, watu wakisukumana na mifuko ya madukani.

"Pole, kaka."

"Pole haitoshi. Sina mke, nipe namba ya simu."

Cyriaque alivaa koti la kijivu na skafu ya njano, imefungwa vizuri mno kwa mwanaume anayedai hana mke. Aurore alishuku papo hapo. Namba alimpa.

Walipendana, naye hakuacha kuchunguza. Kuna siku Cyriaque alizima simu mchana kutwa. Kuna mwanamke Mswidi aliyempigia, na Cyriaque akatoka nje kuongea.

"Nani huyo?"

"Mambo ya kazi, chérie, mpenzi wangu."

"Kazi gani inakuita kwa sauti tamu hivyo?"

Siku ya kujitambulisha ikafika. Huko mtaa wa Rågsved, Béata, mama yake Aurore, aliweka chungu cha pombe ya mtama katikati ya sebule. Wazee walivuta kwa mrija, kwa zamu. Béata akavuta, akampa mgeni mrija uleule.

"Naomba nisinywe, mama."

Béata akaurudisha mrija chunguni. Kwa Warundi kama wao, anayekataa mrija wa mwenyeji anamwambia: umenitilia sumu.

Cyriaque akatoka, na Aurore akamfuata kwenye ngazi, gauni la kitenge amelikusanya mkononi.

"Umemtukana mama yangu! Sema, una mke?"

"Nina saratani ya damu. Ile ya polepole."

Aurore alimkazia macho. "Na yule mwanamke?"

"Nesi. Niko kwenye majaribio ya tiba hospitalini. Wanatoa chembe zangu za kinga, wanazifundisha kumtambua adui, wananirudishia kwa sindano. Saratani inajificha, mwili unaidhani ni mwenzake. Nikiambukizwa hata mafua, sindano inaahirishwa. Ndiyo maana nimeogopa mrija."

"Kwa hiyo kinga yako inaamini kila mtu?"

"Kila mtu."

"Ungeazima yangu. Inashuku hata mchuzi."

Cyriaque alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Niliogopa ungekimbia."

"Ulininyima hata nafasi ya kukimbia! Nionyeshe mkono."

Akapandisha mkono wa shati. Alama za sindano zilikuwepo. Aurore alizigusa moja moja, kama anayekagua noti.

"Daktari hana hakika kama itafaulu," Cyriaque alisema. "Sitaki uolewe na jaribio."

"Ndoa ipi si jaribio?" Alimfuta uso kwa ncha ya kitenge, bila upole mwingi. "Rudi ndani. Mwambie mama ukweli wote, kisha uniombe uchumba palepale, mbele ya wazee."

"Leo? Si umekubali tayari?"

"Nimekubali. Lakini nataka mashahidi."