Chenga Zilizokataa Kulala

Chenga za rangi hulala. Ukizichanganya na klia, ile vanishi angavu ya kumalizia magari, kisha ukazipuliza, zinatua na kujilaza kibapa, na ukizifunika kwa klia nyingine zinabaki chini yake zikimetameta kwa adabu. Fundi Msasa alikuwa amepuliza magari kwa miaka kumi na tisa na hakuwahi kuona vinginevyo. Asubuhi ile alifungua kibanda chake cha rangi, akapitisha kiganja juu ya gitaa lililoning'inia kwenye waya, akakiondoa upesi. Chenga zote zilikuwa zimesimama wima, na kiganja kilikuwa kinavuja damu mahali sita.

"Klia ilikuwa nyepesi," alijiambia. Mwenye haja hakosi sababu.

Na haja alikuwa nayo. Miezi mitatu nyuma, katika ugomvi ulioanzia kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe hakulikumbuka tena, alilinyakua gitaa la mkewe akalipasua ukutani. Mkewe, ambaye watu walimwita Nyuzi kwa ufundi wake wa kupiga, hakulia wala hakutukana. Alikusanya vipande kwenye shuka, akaenda zake kwa kaka yake. Msasa alipotuma watu wakamwombee radhi, waliambiwa neno moja tu: "Alichokivunja kwa mikono yake akitengeneze kwa mikono yake. Akimaliza, nitakuja kuzungumza naye." Mwanamume mwingine angeona anateswa. Msasa, pamoja na ukaidi wake wote, alielewa kwamba ameachiwa mlango mmoja, na kwamba hautakuwapo wa pili.

Basi akatengeneza jipya, maana vipande vya lile la kwanza mkewe aliondoka navyo. Mbao alizipata kwenye mlango mzito aliopewa na vibarua waliokuwa wakibomoa nyumba kuukuu. Ulikuwa mlango wa chumba cha ndani ambacho wenye nyumba walikiziba kwa matofali. Katikati yake palikuwa na kipande cha shaba, ukubwa wa kiganja, kimepigiliwa misumari saba na kuchorwa mistari iliyopindana. Mtu mwenye wasiwasi angeuliza kilikuwa cha nini. Msasa aliona chenga. Nyuzi siku zote alitamani gitaa la kumetameta, na chenga za dukani zilikuwa za plastiki, hazifai kwa mwanamke aliyekosewa namna ile. Aling'oa misumari, akaisaga shaba ile kwa tupa siku mbili nzima mpaka ikaisha, akauchekecha unga wake kwa soksi ya nailoni. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la fundi anayeipenda kazi yake. Mvivu asingeliweza.

Sasa chenga zimesimama. Akazipiga klia tabaka juu ya tabaka, mkono wa pili, wa tatu, wa nne, na baina ya mkono na mkono akingoja ikauke. Kila ikikauka, gitaa lilikuwa limeinywa na chenga zimerudi kusimama. Kwenye mkono wa saba alisikia, chini ya ukali wa thina ya kuzimulia rangi, harufu ya nywele zinazoungua. Kwenye mkono wa tisa aliona kwamba chenga zimeinama kidogo, zote kwa upande mmoja, na alipohama kutoka dirishani kwenda kwenye kompresa, ile mashine ya upepo wa kupulizia, zikainama upande wa kompresa. Alizima kompresa akasimama kusikiliza. Gitaa halikuwa na uzi hata mmoja, lakini ndani ya ubao mlikuwa na mvumo mdogo, wa mtu anayeguna akiwa amefumba mdomo. Msasa aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Ila alimwogopa zaidi shemeji yake, ambaye angeulizwa, "Vipi, fundi ameshindwa?" na akacheka.

Kwenye mkono wa kumi na mbili, bandeji ya kiganja ililegea, na tone la damu likaangukia kwenye rangi mbichi. Halikuacha hata alama. Chenga zikalala zote kwa pamoja, na gitaa likawa laini, jeusi, lenye kina, na nyota zake nyekundu za shaba zikiwaka ndani. Fundi alicheka peke yake kwa furaha. Alisugua kwa msasa laini, akapaka polishi, akafunga nyuzi sita, akatuma ujumbe kwa mkewe: njoo Jumamosi, mchana.

Jumamosi asubuhi alikuja fundi wa kunyoosha bodi wa gereji ya jirani, jitu jema lenye mikono ya chuma, wakimwita Nyundo.

"Hili gitaa unampelekea mkeo, au umeshalioa wewe?" aliuliza.

"Liangalie kwa macho, usiliguse."

"Macho yangu yako vidoleni, ndugu yangu," Nyundo alisema, na akagusa uzi mmoja.

Uzi ukalia, na haukunyamaza. Nyundo aliutazama mkono wake kwa mshangao wa mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwingine. Akaenda taratibu hadi kwenye meza ya zana, akachukua nyundo, akatandaza mkono wa kushoto juu ya boneti iliyokuwa ikingoja rangi, na akaanza na kidole gumba. Alipiga kwa kufuata mlio wa uzi, bila haraka, kidole baada ya kidole, na mifupa ikawa inavunjika kwa sauti ya karanga chini ya kiatu. Msasa alimrukia. Nyundo alimtupa ukutani kwa kiwiko bila hata kugeuka, machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nizuie, bwana. Nakuomba nizuie. Si mimi." Msasa alijikokota akaubana ule uzi kwa kiganja, na ulipokufa Nyundo naye akaanguka. Mkono wake ulibaki umeganda kwenye boneti.

Mafundi wenzao walimkimbiza hospitali. Mmoja wao, kabla ya kupanda gari, alimshika Msasa begani. "Hii si ya daktari peke yake. Nenda kwa mshona viatu."

Mshona viatu alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa viatu. Watu walimwendea kwa soli na kwa mambo mengine. Alisikiliza huku anashona, na aliposikia habari za shaba akaweka sindano chini.

"Misumari mingapi, mwanangu?"

"Saba, mama."

"Ukaing'oa wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Alishusha sauti kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. "Ile ilikuwa kufuli. Jini aliyefungiwa mle hana mikono, ndiyo maana anapenda mikono ya watu, na hasa iliyokwisha kuzoea kuumiza. Wewe umemsaga ukampaka mahali vidole vinaposhika."

"Nilivunje?"

"Usithubutu. Sasa hivi klia ndiyo imemshika. Kwangua kwa msasa wa maji, polepole, tope lake lote uliweke kwenye kopo, uniletee nilizike. Itakuchukua siku tatu. Ukilivunja atatoka kwa mkupuo mmoja, na atataka mikono. Atachukua ya aliyemvunjia."

Msasa alitazama kivuli mlangoni. Kilikuwa kimeanza kulala upande wa pili. Mchana ulikuwa umefika, na katika vurugu ile hakuwa amefunga kibanda.

Alikimbia, na kabla hajafika alisikia sauti ya gitaa, na ilikuwa nzuri, jamani, ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kumsikia mkewe akipiga, nzuri kiasi kwamba vibarua wa mtaa mzima walikuwa wamesimama na mizigo yao vichwani wakisikiliza, na yeye akawapita akiwasukuma, akapita mlango wa gereji, akapita boneti iliyokuwa bado na damu ya rafiki yake, akasukuma mlango wa kibanda na kumkuta Nyuzi amekaa kwenye kopo la rangi, amevaa gauni lake la kutokea, anatabasamu, na gauni lote mapajani limelowa, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimekwisha kula ngozi ya vidole vyake na nyama ya vidole vyake na sasa zilikuwa zinakwaruza kwenye kitu cheupe, na damu ilipoangukia gitaa haikutiririka, ilizama.

"Umelitengeneza vizuri," alisema, bado akitabasamu. "Siwezi kuacha. Mbona siwezi kuacha?"

"Achia, mke wangu. Achia tu."

"Mikono haisikii."

Alijaribu kumfungua vidole kimoja kimoja, na kila alichokifungua kilirudi. Aliukata uzi mmoja kwa koleo, ukamchana shavu mpaka jino likaonekana, na zile tano zilizobaki zikaendelea. Nyuzi alikuwa ameanza kuwa na rangi ya majivu. Siku tatu za msasa wa maji. Mwanamke huyu hakuwa na robo saa.

Msasa alilishika gitaa shingoni, akalinyofoa kwa nguvu zake zote pamoja na ngozi ya vidole iliyoligandia, na mbele ya macho ya mkewe akalipasua juu ya kompresa.

Lilivunjika kwa ukelele wa mtu mzima. Chenga ziliruka kutoka kwenye klia, wingu jekundu lenye harufu ya nywele zinazoungua, zikazunguka kibanda mara moja zikitafuta, kisha zikamwingia kupitia majeraha yale sita ya kiganja, zikapanda mkono chini ya ngozi, naye akawa anaziona zikipanda.

Nyuzi alikuwa sakafuni, ameifunga mikono kwenye pindo la gauni, anapumua. Alitazama vipande, akamtazama mumewe.

"Safari hii nimeona kwa nini umevunja," alisema. "Nimekusamehe. Nishike, twende nyumbani."

Miezi mitatu alikuwa akiyangoja maneno hayo, na alitaka kulia. Badala yake alitazama mkono wake wa kulia ukijikunja ngumi na kupanda taratibu, juu ya kichwa cha mkewe, bila yeye kuuagiza.

Aliudaka kwa wa kushoto. Akauburuta hadi kwenye jiliwa la mezani, akauingiza katikati ya vyuma vyake viwili vya kubania, akazungusha mpini mpaka akasikia kifundo kinapasuka, na akaongeza mzunguko mwingine.

"Toka," alisema kwa meno yaliyokazana. "Funga kwa nje. Nikikuita usifungue. Nikilia usifungue."

Nyuzi alitoka akijikongoja. Msasa alisikia komeo likiingia, akashukuru. Kisha hakusikia hatua za kuondoka. Alisikia mgongo wa mtu ukijiegemeza kwenye mbao za mlango.

"Sikuachi humo," mkewe alisema kwa upole kutoka upande wa pili. "Nilishakuacha mara moja. Nitakaa hapa mpaka uniambie umepona."

"Nimepona," sauti yake ilimjibu, nzuri, tulivu, na yeye alikuwa hajafungua mdomo. "Fungua, mpenzi."

Komeo likaanza kusogea. Msasa alitaka kupiga kelele na koo halikutoa kitu. Akateremsha macho kwenye jiliwa, ambako mpini ulikuwa unazunguka kinyume, unalegea, na mkono uliokuwa unauzungusha ulikuwa wake wa kushoto.