Vipande Saba vya Kafuri

Rafiki yangu Jamaldin alinisimulia haya bila kuniangalia usoni.

Baba yake alipofariki, nduguze walimwosha, wakamtia kafuri kwenye sehemu saba za kusujudu: paji la uso, viganja, magoti na nyayo. Jamaldin aliogopa, akajifungia chooni.

Mwezi uliopita panya waliingia kwenye gari kuukuu la marehemu, Peugeot lililohifadhiwa gereji kule Ganjoni. Dadake Nasiha akampa vipande saba vya kafuri iliyobakia mazishini, maana panya huchukia harufu yake, akamwambia:

"Baba ulimkimbia. Panya je, utawaweza?"

Jamaldin alivirusha vyote chini ya viti, akafunga milango ya gari kwa ufunguo. Gizani alisikia mkwaruzo mmoja, kisha kimya.

Asubuhi alifungua. Kipande kimoja kilikuwa juu ya mgongo wa kiti cha dereva, pale kichwa huegemea, viwili kwenye usukani, viwili ukingoni mwa kiti, mahali pa magoti, na viwili juu ya pedali.