Chumba cha Mwenyewe

Fuwele za Profesa ziliwaka zenyewe. Alikuja nazo kuwaonyesha wenzake mkutanoni, na kazi ya fuwele hizo ni moja tu: kutoa mwanga zikipigwa na mionzi. Alikuwa amezifungia ndani ya sanduku zito la madini ya risasi lisilopitisha mionzi. Alipolifungua baada ya chai, zilikuwa zinawaka, na chumba kizima kilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Wa kulaumiwa ni Meneja wa nyumba ile ya wageni, tusimung'unye maneno. Chumba cha mwisho kilikuwa hakijawahi kulaza mtu. Marehemu baba yake alipojenga aliambiwa kiwanja kina mwenyewe, tena si binadamu, akamwachia chumba, wakaishi kwa amani. Wanasayansi walipojaa, mtoto huyu asiye na haya akavunja kufuli la zamani, akatia jipya, akamlaza Profesa humo. Mkewe alimsihi mpaka sauti ikamkauka.

"Mama Watoto, majini waachie wazee wako," alimjibu. "Hapa wanalala maprofesa."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Profesa alishuka mapokezi amekumbatia kipima mionzi. "Bwana Meneja," alinong'ona, "nikikielekeza mlangoni, kinalia tik, tik. Nikiufuata mlango, kinalia upande wa kitanda. Kuna kitu kinatembea humo!"

Mke hakungoja ruhusa. Alimwita mganga, mama mmoja mkali kuliko pilipili, ambaye aliingia chumbani na kutoka akitiririka jasho.

"Ana hasira," mganga alisema. "Hataki ubani, hataki kuku. Anataka chumba chake leo."

"Mrudishie, Baba Watoto," mke aliomba. "Wanao wanakuhitaji."

Meneja aliwaona wageni wakipita na vitambulisho shingoni, wakisikiliza. Aibu yake ikageuka hasira. "Mnanidhalilisha mbele ya wasomi! Kwani hana pa kulala? Mwambieni nafasi ipo, aje alale kwangu!"

Mganga akajiziba mdomo kwa kiganja. "Wewe kazi yako ni kupokea wageni," alisema taratibu. "Umeshampokea." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jioni fuwele zikazimika, harufu ikatoweka, na Meneja, kichwa kimemvimba kwa ushindi, akazunguka meza za chakula akiwatania wageni na kucheka, mpaka alipofika kwa Profesa na kile kifaa kilichokuwa kimya kando ya sahani kikaanza, tik, tik, kikaharakisha, kikawa mlio mmoja usiokatika, na harufu ya nguo inayoungua ikamtoka Meneja kinywani, akafunga mdomo, lakini kicheko chake kikaendelea.

Mkewe hakulia. Alikuwa na hasira kupita machozi. Alimshika mkono uliokuwa wa moto, akampeleka chumba cha mwisho, Profesa akiwafuata na kifaa chake.

"Mume wangu yumo?" alimuuliza aliyekuwa ndani yake.

"Yumo," sauti ya kizee ilijibu kwa adabu kutoka kinywani mwa Meneja. "Sasa yeye ndiye mgeni."

Mke akamsukumia ndani, akafunga kufuli.

"Nilikwambia!" Aliupiga mlango kwa kiganja. "Mjinga wewe, nilikwambia!"

Kisha sauti ya mumewe, ile ile anayoijua, ikasema kwa unyonge, "Mama Watoto, nifungulie. Ameshaondoka."

Mkono wake ulikwenda kwenye kufuli. Akamtazama Profesa. Kifaa kilikuwa bado kinalia.

Akauficha ufunguo kifuani, akaenda kuwalaza watoto.