Zuio Kabla ya Zege

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mshonaji alipanda ngazi ya mbao kuitazama nyumba yake. Bado ilikuwa kuta na nguzo tu. Mumewe ndiye aliyeagiza mchoro na kusaini mkataba na mkandarasi, kisha akafariki kabla ya tofali la kwanza. Yeye na binti zake wawili waliishi katika chumba cha uani, wakingoja.

Mkandarasi huyo mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho. Ukimuuliza mbao zinakuja lini, kesho. Mafundi je? Kesho. Basi siku alipoleta kokoto na kusema zege la sakafu ya juu litamwagwa Jumatatu, iwe isiwe, mshonaji hakufurahi.

"Tangu lini huyu akawa na haraka?" alimuuliza binti yake mkubwa.

"Labda mkewe amemsema."

Mshonaji hakucheka. Alipanda tena ngazi, akazishika nondo zilizochomoza juu ya nguzo. Vidole vya mshonaji vinajua unene. Nguzo za mbele, zinazoonekana barabarani, zilikuwa na nondo nene kama dole gumba. Za nyuma zilikuwa nyembamba kama kidole cha mwisho. Mchoro ulitaka zote zilingane. Zege likishamwagwa, ncha zile zingefunikwa, na asingejua mtu tena, mpaka siku sakafu itakapowashukia watoto.

Alipomuuliza Bwana Kesho, alijibiwa kwamba nyumba si gauni, arudi kwenye vitambaa vyake.

Ndipo akaanza kuunganisha mambo. Bwana Kesho aliletwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mbona shemeji hakukanyaga pale tangu mazishi? Mbona alipoelezwa habari za nondo kwa simu alinyamaza kwanza, ndipo akasema atapita kuona? Mshonaji akaamua kutomwambia neno zaidi.

Mshono ukienda kombo, yeye huufumua hapo hapo. Kwa hiyo akatafuta fundi mwingine aje na nyundo azivunje nguzo za nyuma kabla ya Jumatatu. Jirani yake, mke wa kinyozi, ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwanza ofisi ya msaada wa kisheria.

Mwanasheria alikuwa mwanamke kijana, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mshonaji alimuuliza mara mbili kama anajuana na Bwana Kesho.

"Simjui, mama. Ningemjua ningekutafutia mwingine," alisema. "Sasa niambie. Ukizivunja hizo nguzo, utamwonyesha hakimu nini? Vumbi?"

"Kwa hiyo nikae nimtazame akimwaga?"

"Hapana. Tutaomba zuio la muda. Ni amri ya mahakama ya kusimamisha jambo kwanza, mpaka pande zote zisikilizwe."

Akamweleza taratibu. Zuio halitolewi kwa kila ugomvi. Kama kinachogombewa ni hela tu, hakimu huweza kukataa, kwa kuwa hela inaweza kulipwa baadaye. Hakimu ataangalia kama kuna hoja ya kweli, si chuki. Ataangalia kama kuna madhara ambayo hela haiwezi kuyarekebisha. Kisha atapima nani ataumia zaidi, kazi ikisimama au ikiendelea. Na anayeomba sharti awahi, maana zege likishakauka zuio halina cha kuzuia. Tena huenda akatakiwa kuahidi kumfidia mwenzake, ikionekana alimsimamisha bure.

"Yaani nikikosea nalipa mimi?"

"Ndiyo. Kwa hiyo nakuuliza tena, mama. Una uhakika na vidole vyako?"

Mshonaji aliitazama mikono yake. "Ninao."

Waliwahi. Maombi yalipelekwa pamoja na mkataba, mchoro na picha za nguzo, na Bwana Kesho akaitwa. Siku ya kusikilizwa, Jumatatu ikiwa bado haijafika, mshonaji alimwona shemeji akiingia na kuketi kwenye benchi bega kwa bega na Bwana Kesho. Alijiambia, kumbe ni kweli.

Hakimu aliwasikiliza wote, akatoa amri. Zege lisimwagwe. Nguzo zisiguswe na yeyote. Mhandisi asiye wa upande wowote azikague.

"Na mimi nisiguse?" mshonaji alinong'ona. "Hii amri ni ya nani sasa? Amehongwa huyu?"

"Hajahongwa," mwanasheria alimjibu. "Hujashinda kesi, naye hajashindwa. Kila kitu kinabaki kama kilivyo ili ukweli usifunikwe."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake mshonaji aliuacha mshono mbovu bila kuufumua. Alipita kando ya nguzo zile kila siku akiwa ameificha mikono ndani ya khanga.

Mhandisi alikuja, wote wakiwa wamesimama uani. Alipima ncha za nondo, akabandua zege kidogo kwenye kila nguzo ya nyuma. Nondo zilikuwa nyembamba juu mpaka chini. Bwana Kesho alianza kueleza habari za bei ya chuma, akanyamaza mwenyewe. Baadaye, mbele ya hakimu, alikubali kuzivunja na kuzijenga upya kwa gharama yake, chini ya macho ya mhandisi. Makubaliano yakaandikwa, zuio likaondolewa, na nguzo mpya zikasimama.

Siku zege lilipomwagwa kweli, shemeji alikuja kusaidia kubeba ndoo. Wakati wa kupumzika alimkuta mshonaji kivulini.

"Shemeji, ulidhani nami nimo?"

"Nilidhani. Ulikaa naye benchi moja."

"Nilikuja kusikiliza kesi yako. Benchi nyingine zote zilikuwa zimejaa."

"Na huku je? Mbona ulipotea?"

Shemeji aliyageuza macho kuzielekea kuta. Alisema baada ya mazishi alikuja mara moja tu, akafika getini, akaona mahali ambapo kaka yake angesimama kuwaamuru mafundi, akashindwa kuingia. Aliona aibu kulieleza hilo kwenye simu.

Mshonaji akajisogeza kwenye ubao aliokalia, akampa nafasi.