Simu Iliyoimba Kisimani

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Selestina aliitazama kwanza simu. Ilikaa ndani ya kikombe cha bati kilichoning'inizwa dirishani, kwa sababu katika nyumba yao pale Makote mtandao ulikamata hapo tu. Ukiisogeza kidogo, inanuna. Ilikuwa simu nyekundu ya kukunja, ya bei nafuu, ambayo baba yake, Anselmo, aliinunua baada ya kuuza korosho. Ukiifungua umepokea, ukiifunika umekata. Mfuniko wake ulilia "kap!" na Selestina aliipenda sauti hiyo kuliko kengele ya mapumziko shuleni.

Lakini juma lile simu haikuwa ya mchezo. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule Ndanda akisubiri kujifungua, na mimba ilikuwa imemsumbua sana. Shangazi Josephina alikuwa naye. Jumamosi asubuhi baba alichukua jembe kwenda kusafisha chini ya mikorosho.

"Shangazi yako akipiga, pokea, sikiliza vizuri, kisha unikimbilie shambani," alisema. "Usiitoe kwenye kikombe. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, baba."

Kusikia si kushika. Haukupita muda, rafiki yake Esther akaja na ndoo kuomba maji.

Makote iko juu kwenye uwanda wa Newala, na huko mto hauko karibu. Maji ya mvua hukingwa kutoka kwenye mabati, yakaingia katika kisima cha saruji kilichochimbwa uani, na kiangazi kizima familia huyatumia kwa kujibana. Kisima kikikaribia kukauka huanza kuitikia. Ukiita jina lako mdomoni mwake, hulirudisha kwa sauti nene. Wakubwa husikiliza mwitikio huo ili wajue maji yamebaki kiasi gani. Watoto, kama kawaida yao, huufanyia mchezo.

"Je, tukikiimbishia simu?" Esther aliuliza. "Si itakuwa kama spika ya harusini!"

Selestina alisita. Kisha akaitoa simu kwenye kikombe, akachagua wimbo wa kwaya na kuishika simu juu ya mdomo wa kisima. Loo! Ardhi yote ilivuma. Wasichana walicheka hadi wakashika mbavu. Selestina akazamisha mkono zaidi ili sauti ikue, naye alikuwa ametoka kumshikia Esther kamba ya ndoo, kiganja kimelowa. Simu ikachomoka. Wimbo ulishuka nayo, ukafika chini, chubwi! Kisha kimya.

"Tusiseme," Esther alinong'ona. "Watadhani imeibwa." Akabeba ndoo yake na kuondoka haraka.

Bibi Julia, mama yake baba, alikuwa barazani akimenya mihogo. Jua lilikuwa kali, na hata kuku walikuwa wamejibanza kivulini.

"Leo pamenyamaza vibaya," bibi alisema. "Simu haijaita?"

"Haijaita, bibi."

Lilikuwa neno la kweli, na lilimkereketa kooni kuliko uongo.

Baba aliporudi mchana, alikitazama kile kikombe kabla ya kuweka jembe chini. "Simu iko wapi?"

"Nimeipeleka chaji kwa Fikirini dukani."

"Leo? Na jana ilikuwa imejaa?" Baba alikunja uso, lakini hakumshuku mwanawe. "Haya. Gari la mwisho la Masasi, njia ya Ndanda, linapita alasiri. Kama hakuna neno, nitalala hapa, niende Ndanda kesho."

Bibi akateremsha ndoo kisimani. Selestina aliitazama kamba ikishuka. Ndoo ilipanda na maji matupu. Baba akanawa uso, akajaza kikombe na kunywa. Selestina alitaka kupaza sauti, "Usinywe!" lakini ulimi uligoma. Baba akajinyoosha mkekani na kufumba macho.

Selestina aliingia ndani. Mlangoni palikuwa na namba ya shangazi, iliyoandikwa kwa mkaa. Akaona kama anasikia simu ikiita chini ya ardhi, ikiita tu, na mama yake akisubiri upande wa pili. Aliogopa kipigo. Lakini sasa aliogopa jambo kubwa kuliko kipigo.

Alipiga magoti kando ya mkeka. "Baba, amka. Nimekudanganya. Simu iko kisimani tangu asubuhi. Pengine shangazi amepiga."

Baba aliinuka mara moja. Aliisoma namba mlangoni, akakimbia peku hadi kwa jirani, Mama Tahiri. Selestina alimfuata. Mama Tahiri alipiga kwa simu yake, na sauti ya shangazi ikatoka ikitetemeka.

"Kaka! Tunakutafuta tangu asubuhi! Wifi anapelekwa kupasuliwa, amepoteza damu nyingi. Mimi nimeshatoa, haitoshi. Njoo sasa hivi!"

Honi ya gari la Masasi ilisikika barabarani. Khalidi, mume wa Mama Tahiri, aliwasha pikipiki. Baba aliruka nyuma, bado yuko peku, wakatokomea ndani ya vumbi.

Usiku ule hakuna aliyekula. Bibi alisali rozari hadi usiku wa manane, na Selestina alitamani afadhali agombezwe.

Asubuhi Mama Tahiri alikuja mbio, kanga ikimdondoka. "Bibi Julia! Pokea hongera! Mtoto wa kiume, na mama mzima! Baba Selestina aliwahi kutoa damu. Shangazi anasema angechelewa kidogo tu..." Selestina alilia kwa sauti mbele yao wote.

Baba aliporudi, waliiopoa simu kwa ndoana. Betri ilikuwa imevimba. Maji yaliyobaki waliyamwagia mipapai, kwani hakuna aliyethubutu kuyanywa tena. Hadi mvua zinyeshe, Selestina alipaswa kuteremka bondeni kila alfajiri kuteka maji kwenye chemchemi. Esther alikuja mwenyewe na ndoo yake, bila kuitwa.

Jioni baba alimketisha karibu naye.

"Simu ilipotumbukia, tuliazima ya Mama Tahiri," alisema. "Lakini ukweli ulikuwa kwako peke yako. Ulipouficha, tungeuazima kwa nani? Mkono kuteleza ni ajali, mwanangu, mimi pia huniteleza. Kunyamaza kwako ndiko kulikotaka kutunyang'anya mama. Ulisema, nakushukuru. Siku nyingine usichelewe."

"Sitachelewa, baba."

Baba akaifunika ile simu iliyokufa. Haikulia tena "kap!" Akairudisha ndani ya kikombe pale dirishani, mahali ambapo Selestina angeiona kila alipoinua ndoo yake.