Watoto Hawajambo?

Mwuza mikate wa mji wa kwanza aliwapa mikate mitatu, nao walikuwa wawili. Bobini akadhani mama wa watu kakosea kuhesabu, akataka kumrudishia mmoja, lakini yule mama akakataa katakata. Huo ni wa mtoto, akasema, akiamka atautaka. Bobini akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anatazama maji.

Bobini ni jina la mtaani. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na jina hilo la kigurudumu cha uzi lilimganda tangu ujana. Miezi minne nyuma yeye na mkewe walikuwa wamemzika binti yao wa pekee, wa miaka sita, aliyekufa kwa kifua. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyewaazima boti ndogo ya injini yenye turubai la kuzuia jua, lililofungwa kama kihema, akawaambia washuke na mto wakabadilishe hewa, maana nyumba ile ilikuwa inawamaliza. Bobini akabeba na sanduku la vifaa. Miji ya mtoni ni midogo, vyerehani vibovu havikosekani, na watu wake, tuseme ukweli, ni wakarimu mpaka wanachosha. Hujafunga kamba, umeshapokewa mzigo, umeshapewa kiti, na mtu usiyemjua hata kwa sura ameshakuita shemeji.

Na wanasalimia hao! Habari za safari, habari za huko mtokako, nyumbani hawajambo, watoto hawajambo. Sasa salamu hiyo ina jibu moja tu. Kila mtu husema hawajambo, hata kama mmoja ana homa na mwingine kafukuzwa shule. Shida hutajwa baadaye, salamu zikishakwisha. Bobini mambo hayo yalimchosha. Akifika tu aliinamia cherehani cha watu na kumwachia mkewe kazi ya kuitikia. Na mkewe alikuwa amepewa pole miezi minne mfululizo, mpaka neno lenyewe likawa linamtia kichefuchefu. Mwuza mikate alipomwuliza habari za watoto, alijibu, "Hajambo." Akaulizwa yuko wapi. Akaonyesha turubai, akasema amelala humo.

"Ulitaka niseme nini?" alimwambia mumewe walipokuwa wanaondoka. "Nianze tena kulia mbele za watu?"

Bobini akaona ana haki. Uongo mdogo wa kukwepa pole, nani hajawahi kuusema? Mkate wa tatu wakauweka chini ya turubai. Mchana walipoutafuta haukuwepo, na Bobini akawalaumu ndege.

Mji wa pili walipokewa na wapakiaji wa matofali, watu wa utani mwingi. Mmoja aliwavutia kamba, akamsifia Bobini kwamba mwanawe ni mpole kweli, amekaa pale mbele katulia tuli. Bobini akacheka, akadhani anataniwa. Alipotazama mbele ya boti hakuona mtu, ila aliona boti imeinama upande ule, na hapakuwa na mzigo wowote. Mkewe akaulizwa tena, watoto hawajambo? Safari hii alijibu haraka, hajambo kabisa, na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu msiba. Bobini, Mungu amsamehe, alifurahi mno kuliona, akaogopa kuliharibu kwa maswali.

Kosa lake lilikuwa hilo. Maana tangu siku ile mkewe akawa anakula nusu ya chakula chake na nusu anaisukuma chini ya turubai. Akawa anajivua mtandio na kuutandika humo. Nyama za mashavu zikamwisha mbele ya macho ya mumewe. Siku moja, jua la saa sita likiwa kichwani, alishika mkono wa Bobini ulioshika usukani.

"Unasikia anavyokohoa?" akanong'ona.

"Nani?"

"Basi," akasema, akauachia mkono.

Walipofika mji wa nne, maji yalikuwa yamebakiza vidole vinne kuingia botini. Bobini akashusha sanduku la vifaa, boti isiinuke hata kidogo. Akashusha dumu la mafuta, ikawa vilevile. Akainua turubai. Hapakuwa na kitu, ila harufu iliyomgonga puani ilikuwa ya tope la chini kabisa ya mto, lile lisilowahi kuona jua, na ndani yake, ikiwa imefichwafichwa, kulikuwa na harufu ya dawa ya kifua aliyokuwa akimpaka binti yake mwenyewe kwa mkono wake.

Mjini pale cherehani kibovu kilikuwa cha mama mmoja mshonaji, ambaye watu walimfuata pia kwa mambo ya mapepo na majini. Bobini hakulijua hilo. Alikuwa amepiga magoti anafungua kibati cha chini ya cherehani, mkewe amekaa kwenye benchi la wateja, mshonaji akainama kana kwamba anamwonyesha kasoro.

"Fundi, usigeuke," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo aliyesimama mlangoni, maji yanamtiririka, mmemleta nyinyi?"

Bobini akamweleza yote, papo hapo, bisibisi mkononi. Mshonaji akasikiliza akiwa anakata nyuzi. Akamwambia kwamba jini la mtoni halina sura wala pa kukaa, na mtu akishasema hadharani kuwa fulani yupo, naye hayupo, basi amelipatia vyote viwili, sura na makao. Kila hajambo moja linaliongezea uzito.

"Aliyelikaribisha ndiye wa kulitoa," akasema. "Mimi nitamsalimia tu mkeo. Ajibu kwa kinywa chake, na lenyewe likisikia."

"Na akijibu kama kawaida?"

"Mtaondoka watatu, atafika mmoja."

Mshonaji akaenda kukaa benchini, akamshika mke wa Bobini mikono yote miwili. Hujambo mama? Sijambo. Habari za safari? Nzuri. Kisha akauliza, taratibu, watoto hawajambo?

Mke wa Bobini alikuwa ameshaelewa, labda alielewa tangu mwanzo. "Nikisema," akanong'ona, "si nitakuwa nimemzika tena?"

Ndipo chumba kilipopoa ingawa jua lilikuwa linawaka nje, na ile harufu ya tope ikaingia kwanza, na nyuma yake nyayo ndogo za maji zikaanza kutokea kwenye sakafu ya saruji, moja, na nyingine, bila mguu wa kuzikanyaga, zikapita mlango, zikapita meza ya kukatia, zikamzunguka Bobini aliyekuwa amepiga magoti, mpaka zikasimama mbele ya benchi, na upindo wa gauni la mkewe ukavutwa mara mbili, kama binti yao alivyozoea kuuvuta akitaka kubebwa.

"Sina mtoto," mke wa Bobini akasema, machozi yakimmwagika. "Nilikuwa naye mmoja. Amekufa. Alikufa asubuhi, nimekwenda kumchemshia maji, niliporudi hayupo tena."

Upindo ukaachiwa. Nyayo zikageuka kuelekea nje. Zilipofika kwa Bobini zikasimama, na yeye, ambaye safari nzima hakusikia kitu, alisikia kikohozi kidogo kwenye sikio lake, kisha sauti.

"Baba."

Alifumba macho. Alipofumbua, nyayo zilikuwa zimeshuka hadi mtoni.

Wakati wa kurudi boti ilikuwa nyepesi. Mke wa Bobini alilia siku mbili, kilio cha kweli kilichokuwa kimemkwama. Siku ya tatu akala sahani yake yote, akasinzia begani kwa mumewe. Mumewe hakulala. Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemwita baba.

Wakasimama kwenye mji mmoja kujaza mafuta. Mwuza mafuta, mzee mchangamfu, akawapokea kwa kelele, habari za huko, habari za mto. Mke wa Bobini alikuwa amejiandaa, alikuwa na jibu lake mdomoni. Lakini mzee alimtazama mwanamume.

"Na watoto hawajambo?"

"Hajambo," Bobini akasema. "Amelala."

Mkewe akageuka kumtazama. Hakumgombeza. Akasogea ukingoni mwa benchi la boti, akaacha nafasi kati yao, ya kutosha mtoto.