Mjomba Aliyenyamaza

Kila asubuhi Cheche alikuwa na kazi moja kabla ya chai: kumfuta Mjomba uso. Mjomba huyo hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa sanamu ya mpira, kichwa na kifua tu, ambayo mama yake Cheche aliitumia kufundishia huduma ya kwanza katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Jioni walikuja madereva, wapishi na mafundi ujenzi, wakapiga magoti na kujifunza kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Ukimbonyeza Mjomba sawasawa, ndani yake kulisikika "tik!" Usipofikisha, alikaa kimya.

Jumamosi hiyo Cheche alikuwa kama aliyekalia siafu. Hata siku nyingine hakujua kutulia, ndiyo maana akaitwa Cheche, lakini leo ilizidi. Aliingia, akatoka, akafunga dirisha, akalifungua tena.

"We Cheche, una nini leo?" mama aliuliza huku akipanga viti. "Tulia basi, mwanangu. Unanizungusha kichwa."

"Sina kitu, mama."

Alikuwa nacho. Jana, mama alipokwenda kuazima viti, Cheche alimrukia Mjomba kifuani kwa miguu yote miwili, amsikie akilia haraka haraka. Tik, tik, tik, halafu kimya. Alimbonyeza, akamkanda, akambembeleza, wapi! Akamfunika shuka na kujidanganya kwamba kufikia asubuhi atapona.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wizara ilikuwa inatayarisha kanuni kwamba vyeti vya huduma ya kwanza vitolewe na hospitali kuu peke yake. Kanuni hiyo ikipita, darasa la mama lingefungwa. Wakufunzi binafsi walikuwa wameunda chama ili wasikike, na chama kilikuwa kimemwomba Mkaguzi wa wizara aje ajionee mafunzo yao kwa macho yake. Darasa lililochaguliwa kuonyeshwa lilikuwa la mama.

Mwenyekiti wa chama alifika kwanza, bwana mnene aliyebanwa na tai.

"Dada, leo ndiyo leo!" alisema. "Mkaguzi kasikia habari za matapeli wanaouza vyeti kama karanga. Akitoka hapa hajaridhika, kwisha habari yetu. Ngoja nipashe misuli."

Akapiga magoti, akambonyeza Mjomba. Kimya. Akaongeza nguvu. Kimya. Alibonyeza akisubiri tik, jasho likimtiririka mpaka kwenye tai.

"Mwenyekiti, taratibu, utamvunja mbavu!" mama alimkataza. Alijaribu mwenyewe. Mjomba hakusema neno.

Nje mlango wa gari ulifungwa. Mwenyekiti alichomoa kalamu ya kubonyeza mfukoni, akamkabidhi Cheche.

"Sikiliza, binti. Kaa nyuma ya pazia. Mama yako akibonyeza kifua, nawe bonyeza kalamu. Tik! Nani atajua?"

Mama aliviangalia viti alivyoazima, akamwangalia Mwenyekiti, wala hakusema hapana. Cheche hakuwahi kumwona mama yake akiogopa, na jambo hilo lilimtisha kuliko kipigo. Angeweza kwenda nyuma ya pazia na asiulizwe lolote.

"Mama, ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilimrukia jana. Nimemharibu mimi. Nikilia tik ya uongo leo, kesho mtu wa kweli ataokolewaje?"

"Jana?" mama alifoka. "Ungesema jana si ningeazima sanamu nyingine!" Alikasirika kwelikweli. Kisha akavuta pumzi, akaichukua kalamu na kumrudishia Mwenyekiti.

Mkaguzi, mwanamke mmoja mwenye miwani, alikuwa amefika mlangoni.

"Karibu, mheshimiwa," mama alisema. "Kabla hujakaa, nikwambie ukweli. Sanamu yetu ni mbovu. Haitoi sauti."

Mwenyekiti alifumba macho.

"Sasa mtafundishaje?" aliuliza Mkaguzi.

"Mgonjwa naye hatoi sauti. Tafadhali piga magoti."

Mkaguzi alipiga magoti. Mama hakumwonea haya hata kidogo. "Kiganja katikati ya kifua. Viwiko visipinde. Kifua kishuke kama upana wa vidole vitatu, kisha ukiache kipande. Hapana, hujafikisha. Ongeza. Hapo! Hesabu kwa sauti." Mkaguzi alihesabu mpaka miwani ikamteleza puani. Halafu ikawa zamu ya Mwenyekiti.

"Kumbe hata mimi nimezoea kusubiri tik," alikiri akihema.

Mkaguzi alisimama akipangusa magoti. "Ni wangapi katika chama chenu wangeniambia kwamba kifaa chao ni kibovu?"

Mwenyekiti alitazama chini. "Mheshimiwa, leo hii nusura usiambiwe. Wazo baya lilikuwa langu. Aliyetuokoa ni binti huyu."

"Basi kazi ya chama ianzie hapo," alisema Mkaguzi. "Kagueni wanachama wenu kabla sijaja mimi. Mkifanya hivyo, nitapendekeza waliokaguliwa waendelee kufundisha."

Mwenyekiti alitimiza. Alizunguka darasa kwa darasa, na mawili ya kitapeli yakafukuzwa chamani. Kanuni ilipotoka, darasa la mama lilikuwa miongoni mwa yaliyoruhusiwa.

Jioni waliyopata habari hiyo, mama alimwita Cheche aketi karibu yake.

"Tukimkuta mtu aliyeumia, tunamuuliza nini?"

"Umeumia wapi?"

"Asiposema?"

"Hatutajua pa kumsaidia."

"Na kosa ni hivyo hivyo, mwanangu. Liseme mapema, lingali dogo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ile ulichelewa, lakini ulisema, tena ulisema wakati mimi mkubwa wako nilikuwa nimenyamaza. Hilo nitalikumbuka."

Cheche alijipindapinda kitini. "Kama ni hivyo, mama, kile kikombe chako cha maua..."

Mama aliguna, akainuka. "Haya. Umeumia wapi tena?"